Panya Asiyelamba Mguu

Benchi letu ni mlango. Ni mlango wa mbao uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na tundu la kitasa bado lipo. Kila mgeni akikaa hulitia kidole akidhani yeye ndiye wa kwanza kuliona. Mimi nina upande wa kivuli, na jiko la mkaa na mabirika mawili ya kahawa. Wenye benchi ni wanne. Kiwembe, kinyozi mwenyewe, ambaye kichwani hana hata unywele wa kujifunzia kazi. Soli, fundi viatu, ambaye tumbo lake hufika kwanza, yeye akafuata. Mawimbi, fundi redio, ambaye hajapata kusikia jambo dogo akaliacha na udogo wake. Na Kizimba, anayefagia nyumba ya wanyama kwenye maabara ya chuo, akiingia kazini mchana na kutuletea habari za huko asubuhi yake kama mtu aliyetumwa.

Jumanne ile, saa mbili unusu asubuhi, Kiwembe alikuwa hajafungua. Alikaa katikati ya benchi na karatasi ya hospitali, ameishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. Ubavuni mwa kibanda ndipo chumba chao, na dirisha la chumba linatazama migongo ya hawa wanne. Humo ndani mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, mkoba mapajani. Miezi mitatu nyuma aliinua ndoo ya maji, ndoo ile ile anayoinua siku zote, mfupa wa mgongo ukapasuka. Walipompiga picha wakakuta mifupa yake imekuwa myepesi, imejaa matundu. Daktari akamwandikia dripu ya mifupa, ya mara moja kwa mwaka, akasema itaipa mifupa nguvu na huenda ikapunguza na maumivu. Daktari huyo huja mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa hiyo. Majina yanafungwa saa nne. Na hospitali inataka mgonjwa aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Sasa mtu wa kumrudisha ndiye huyo, yuko kwenye benchi.

— Unangoja nini? nilimuuliza.

— Nangoja ushauri, Bi mkubwa.

— Kwa nani?

Akatazama kulia, kwa Mawimbi. Akatazama kushoto, kwa Soli na Kizimba. Nikasonya, nikachochea mkaa.

— Kosa ni la huyu Kizimba, Soli akasema. Jana mtu kaja hapa na karatasi yake, ana furaha, mkewe kapata dawa. Huyu akaiangalia tu, akasema, aa, hii tunawapa panya.

— Sikusema vile.

— Ulisemaje?

— Nilisema, aa, hii tunawapa panya. Lakini kwa heshima.

— Mke wangu si panya, Kiwembe akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

— Hakuna aliyesema shemeji ni panya, ndugu yangu. Nasema dawa ni za ukoo mmoja. Jina nimeliona kwenye chupa.

— Umelisoma?

— Nimelifuta vumbi. Jina refu, linaanzia mbele ya chupa linaishia nyuma. Hebu tazama la kwako. Si refu?

Kiwembe akaitazama karatasi. Lilikuwa refu. Akaguna kama aliyeonyeshwa mwizi.

— Na hao panya wanaumwa mifupa? Soli akauliza.

— Hata kidogo. Wazima, wanene, wanakula kwa ratiba, wanalala kwa ratiba. Mtu wa pale akiumwa kichwa anawaonea wivu.

— Sasa dawa ya mifupa ya nini?

Hapo Kizimba akaweka kikombe chini. Nilijua tumekwisha. Mtu huyu akiweka kikombe chini, jua hupanda.

— Sikilizeni. Kuna dada mmoja wa koti jeupe, ndiye mwenye kazi ile. Panya anawagawa makundi mawili. Hawa anawapa maji tu ya sindano, hawa anawapa dawa ya mifupa. Anasubiri. Kisha kila mmoja anamchoma mguu wa nyuma, kwenye unyayo, sindano ndogo ina pilipili.

— Pilipili?

— Ule ukali wake wenyewe, umekamuliwa. Panya anawekwa kwenye sanduku la kioo, dada anashika saa. Panya akilamba mguu, anabonyeza. Akiacha, anabonyeza. Dakika tano hivyo hivyo. Siku moja alibanwa na chafya akanipa mimi saa, nikashika.

— Ulishika saa! Mawimbi akasema.

— Nilishika. Na nikabonyeza. Panya wangu yumo kwenye hesabu zile mpaka leo.

Akaachia kidogo ili tuone ukubwa wake. Hatukuona.

— Sasa waliopewa maji, akaendelea, wanalamba sekunde arobaini, hamsini. Wanalamba kama mtoto na kijiko cha uji. Waliopewa dawa, sekunde kumi na kitu. Analamba kidogo, anaacha, anaangalia ukuta kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

— Haumwi, Mawimbi akasema.

— Haumwi sana. Ndiyo wanachoandika.

— Lakini pilipili haiko kwenye mfupa, Soli akasema. Iko kwenye nyama. Dawa ya mifupa inaingiliaje?

Swali zuri, na ni fundi viatu aliyeliuliza. Lingeishia hapo tungeheshimiana.

— Hapo ndipo hata wenyewe wanapokuna vichwa, Kizimba akajibu. Dada anasema haina habari na mfupa kabisa. Mfupa hata haujajua kama kuna dawa. Anasema inaziba pale habari ya maumivu inapopitia, kwenye mishipa ya fahamu. Habari inabaki njiani.

Kumwambia Mawimbi kwamba habari inabaki njiani ni kumpa mtu kiberiti na nyumba ya makuti. Alishajisogeza mbele kwenye benchi.

— Nilijua! Nilijua siku nyingi! Maumivu ni matangazo. Kituo kiko mguuni, redio iko kichwani. Katikati kuna nini?

— Tumbo, Soli akasema.

— Kuna mifupa! Mifupa imepangana kutoka kisiginoni hadi utosini, mmoja juu ya mwingine. Hiyo ni nini kama si eriali? Dawa ikiingia inaipaka eriali, matangazo yanakwaruza. Panya anapigwa pilipili mguuni, kichwani anasikia kwaa, kwaa, kwaa. Hajui ni mguu au ni taarifa ya habari.

— Dada amesema haina habari na mfupa.

— Dada hajafungua redio hata moja maishani mwake.

— Kwa hiyo mke wangu, Kiwembe akasema taratibu, watampaka eriali.

— Na sasa jiulize. Eriali ikipakwa, yanakatika maumivu peke yake? Kituo ni kimoja? Je, kama hatakusikia tena ukimwita?

— Hata sasa hasikii nikimwita.

— Unaona! Na hajapewa bado!

Wakacheka wote watatu, Kiwembe hakucheka. Nikamwambia ni saa tatu kasoro dakika kumi, na hospitali ni dakika ishirini kwa gari, na mkewe bodaboda hapandi. Akasema amesikia, Bi mkubwa. Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunjua tena.

— Mimi nina wasiwasi na panya mwenyewe, Soli akasema. Mnamwamini haraka. Mtu mgeni kakuchoma sindano mbele za watu, wamekuzunguka na makoti, wamekukodolea macho na saa. Wewe ungeanza kulamba miguu? Mimi ningejikaza. Panya naye ana haya zake.

— Na waliopewa maji? Hao hawana haya?

— Hao wamelelewa vibaya.

— Hapana, hapana, Mawimbi akasema, ni zaidi ya haya. Pale panya wanazaliana, si ndiyo? Pana bibi, pana wajukuu. Bibi ameona mengi. Anamwita mjukuu usiku anamwambia, sikia, hawa watu ukilamba wanakuandika. Mjukuu anajua, halambi. Mwaka wa pili ukoo mzima haulambi, na huko nje watu wanauziwa dawa.

— Panya hajui habari za kuandika, Kizimba akasema.

— Sikusema anaandika. Nimesema anaandikwa. Hata sisi hatujui, na tunaandikwa kila siku. Wahenga walisema...

— Waache wahenga, nikasema. Mifupa yao nani aliipima?

Akaacha. Ni jambo moja ambalo bado nalimudu.

Ila Soli alikuwa amekwisha kamata uzi wake, na yeye akikamata uzi hauachi mpaka kiatu kiishe.

— Mimi nasema hivi. Kulamba si kuumwa. Jirani yangu ana mbwa, analamba mguu kutwa nzima, hana hata upele. Na kuna anayeumwa asilambe. Hizo ni kazi mbili tofauti.

— Kitaalamu huwezi kusema hivyo, Kizimba akasema.

— Kwa nini?

— Kwa sababu hujapimwa.

— Basi nipime.

Kizimba akanigeukia, sauti imebadilika, imekuwa ya koti jeupe.

— Bi mkubwa, pale kwenye kapu lako hakuna pilipili?

Zilikuwepo, za kupikia, zile ndogo nyekundu zenye hasira. Mtu mwenye busara angewanyima. Niliwapa mbili. Nilitaka kuona.

Soli akavua kandambili ya kushoto. Wasiomjua fundi viatu hudhani miguu yake ni mizuri. Kisigino cha yule bwana kimepasuka mipasuko unayoweza kufichia sarafu. Kizimba akaiponda pilipili kwa kitako cha kikombe changu, akaipaka kwenye kisigino kwa kijiti, mpasuko kwa mpasuko, kama anayeziba dari. Mawimbi akatoa simu yenye saa ya kuhesabia.

— Dakika tano, Kizimba akatangaza. Kila akilamba unabonyeza.

— Tayari.

— Anza.

Mwanzo Soli alitabasamu. Akasema, si mnaona, hakuna kitu. Akasema kisigino cha mwanamume ni kama tairi. Kisha akanyamaza, akawa kama mtu anayesikiliza mlango unagongwa kwa mbali. Kisha akasimama. Kisha akakaa. Kisha akaruka na mguu mmoja kuzunguka benchi, akimtaja mama yake, na mama yake Kizimba, na mtu aliyegundua pilipili.

— Lamba! Mawimbi akampigia kelele. Lamba nibonyeze!

Jamani, kulamba kwenyewe! Alikaa chini mchangani, akauvuta mguu kwa mikono miwili. Tumbo likakataa. Akajaribu kwa ubavu. Akalala chali akauinua mguu juu, ulimi nje, mguu ukafika nusu ya njia ukaishia hapo. Watu wawili waliokuwa wanapita na mzigo wakautua.

— Maji! Nakufa! Bi mkubwa, maji!

— Muda! Kizimba akasema. Soma.

Mawimbi akaitazama simu.

— Sekunde za kulamba: sifuri.

— Sifuri?

— Sifuri safi. Haijabonyezwa hata mara moja.

Kizimba akafunga mikono kifuani.

— Basi. Haumwi.

— Naungua! Soli akapiga yowe. Mguu unawaka moto!

— Maneno hayahesabiwi, ndugu yangu. Panya hasemi. Tukianza kuhesabu maneno hatutafika.

— Nitakupasua!

— Na vitisho havihesabiwi. Hii ni kazi ya kitaalamu. Panya wa maji arobaini, panya wa dawa kumi na mbili, Soli sifuri. Na hakunywa dawa yoyote.

— Amekunywa kahawa, Mawimbi akasema kwa sauti ya chini.

Wote wakayageukia mabirika yangu.

— Vikombe vingapi, Soli?

— Vitatu! Nipeni maji!

— Vitatu, Mawimbi akasema. Bi mkubwa, umekaa juu ya utajiri. Miaka yote hii. Kahawa hii inaziba habari njiani. Nani hapa benchini umewahi kumsikia analalamika kwamba anaumwa?

— Wewe, kila siku.

— Ninapoondoka! Nikiwa hapa silalamiki!

Nikawaambia wakimaliza kunifanya mganga waniambie, nifungashe. Nikampa Soli maji, na maji yakazidisha, kama kawaida ya pilipili. Akakaa na mguu ndani ya ndoo yangu, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na wenzake wamemuandika mtu asiyeumwa.

Mambo haya yangebaki mzaha, lakini nilimwona Kiwembe. Uso wake umefunguka, umetulia, kama wa mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

— Kumbe, akasema.

— Kumbe nini?

— Mnajua mama watoto hasemi kitu? Hata siku ile ya ndoo hakupiga kelele. Alikaa tu sakafuni. Mpaka leo hajaniambia naumwa sana. Nikimuuliza, vipi, ananiambia, hivyo hivyo.

— Hivyo hivyo, Kizimba akarudia, kama anayeandika.

— Anapika. Anafagia, ingawa siku hizi anafagilia katikati tu, pembeni hafiki. Sasa mtu anayeumwa sana angenyamaza?

— Kama sekunde zake ni sifuri, ni sifuri, Mawimbi akasema.

— Ndiyo nasema! Sasa nimkimbize kwa dripu ya panya, wampake eriali, kwa maumivu ambayo pengine hata hayapo? Dripu yenyewe ya mwaka mzima. Vidonge ukivikataa unavitema. Dripu ya mwaka utaitemaje?

— Ngoja mwezi mmoja, Mawimbi akasema. Mwangalie. Hesabu.

— Nihesabu nini?

— Chochote. Kuguna. Kugeuka kitandani. Ukipata namba unatuletea.

— Mwezi mmoja si mwingi, Kizimba akaunga mkono. Hata pale kazini mambo hayaendi haraka. Na mwezi ujao nitamuuliza dada kuhusu binadamu.

— Hujamuuliza? nikasema.

— Hatujafika huko. Tuko kwenye panya.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano. Kiwembe akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kidogo kama stempu, akaitia kwenye mfuko wa shati. Nilishafungua mdomo wangu mimi, na nisingekuwa mpole, ndipo mgeni akatokea.

Alikuwa mtu wa makamo, ndevu za wiki mbili, bahasha ya kaki kwapani. Alitaka kunyolewa kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Kiwembe akamwambia akae kidogo, anamalizia jambo la kifamilia. Akakaa. Akatia kidole kwenye tundu la kitasa. Nikampa kahawa. Akamtazama Soli na ndoo yake, akawa na adabu ya kutouliza.

Mawimbi hawezi kumwona mtu ambaye hajaelezwa. Akamweleza yote. Panya, maji, dawa, pilipili, eriali, bibi na wajukuu, sifuri ya Soli, shemeji ndani, dripu, mwezi wa kuhesabu. Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, anapuliza kahawa. Alipomaliza kuipuliza akasema:

— Poleni. Na mama mwenyewe anaumwa wapi?

— Mifupa, Kiwembe akajibu.

— Mifupa ni mingi, kaka. Upi?

Kiwembe akafungua mdomo. Akamtazama Kizimba. Kizimba, ambaye anajua panya wa tatu kutoka mlangoni analamba kwa upande gani wa ulimi, akatazama matofali. Mawimbi akaanza kusema mgongo, kwa sababu ndoo, lakini mgeni akamuuliza mgongo juu au chini, akaishia hapo.

— Akilala au akisimama? mgeni akauliza tena. Naye hakuuliza kwa ubaya. Mtu asiyejua angeuliza vipi?

Soli alikuwa ameacha kulia. Mimi nilijua. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemfunga kilemba shemeji yao, kwa kuwa mikono haipandi kupita mabega, na kiatu cha kushoto nilimvika mimi. Sikusema. Sikuulizwa, na hata ningeulizwa, lile halikuwa swali langu.

— Ishirini na sita, Kiwembe akasema.

— Mifupa?

— Miaka. Ya ndoa.

Akainuka. Akafika mlangoni, akashika pazia, akasimama pale muda, mwanamume mzima, kama mtu aliyetumwa kwa mwalimu mkuu. Kisha akaingia. Dirisha ni la wavu, na sisi tulikuwa kimya, kwa hiyo tulisikia.

— Mama watoto.

— Abee.

— Unaumwa wapi?

Mgeni akaondoa kidole kwenye tundu.

— Leo umeuliza, mkewe akasema. Kaa basi.

Akaanza kumweleza. Hakulia, hakupandisha sauti. Alikuwa anapanga tu, hapa na hapa, huku ukigusa, huku usipogusa, huu wa kulala, huu wa kuamka. Hatukusikia yote. Mawimbi alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Kizimba akaanza kuokota mbegu za pilipili juu ya benchi, moja moja.

Kiwembe alipotoka alikuwa amebeba ule mkoba wa mkewe, ameubeba mbele kwa mikono miwili.

— Anasema hata akicheka, akatuambia.

— Hata akicheka nini?

— Akicheka unamchoma, hapa, kama msumari. Ndiyo maana miezi hii mitatu hacheki. Nilidhani kaninunia, nikawa namnunia na mimi. Anasema leo tangu Soli aanze kuruka, ameng'ata mto. Anasema ninyi mmemuua leo. Anasema alimsikia Soli anataka kulamba kisigino, akaona nyota.

Nani angecheka hapo? Soli alijaribu kuomba radhi, akiwa ndani ya ndoo.

— Mwambie shemeji samahani.

— Mwambie mwenyewe. Mawimbi, ipigie taksi. Usinieleze kitu, ipigie tu.

Mawimbi akapiga. Taksi ikaja baada ya dakika sita, na sijapata kumwona Mawimbi akinyamaza dakika sita. Shemeji yao akatoka, mkono mmoja ukutani, hatua fupi fupi, anakanyaga kama sakafu ina mayai. Mumewe akatia mkono nyuma yake kumshika.

— Hapa?

— Siyo hapo. Chini.

— Hapa?

— Hapo ndipo penyewe, usiguse kabisa. Shika bega.

Akamshika bega. Alipofika usawa wa benchi mwanamke akasimama, akamtazama Soli na ndoo yake, akauma midomo ili kicheko kisimtoroke.

— Shemeji Soli, toa mguu majini. Paka mafuta ya kupikia, uyafute kwa sabuni. Maji hayaitoi, yanaitembeza.

— Ahsante, shemeji.

— Na usinisemeshe.

Wakamwingiza kiti cha mbele, kwa kukaa kwanza kisha kugeuza miguu, yeye mwenyewe akiwaelekeza. Kiwembe akaingia nyuma na mkoba. Saa tatu na dakika thelathini na mbili gari likaondoka, taratibu, maana nilimsikia Kiwembe anamwambia dereva kila shimo alione kabla halijamwona.

Kibanda kikabaki kimefungwa, na mgeni akabaki na ndevu zake. Alimaliza kahawa, akafuta mdomo.

— Na itamsaidia? akauliza. Hiyo dripu. Itampunguzia?

Tukamtazama Kizimba. Yeye ndiye wa maabara.

— Kwa panya, Kizimba akaanza, panya waliopewa...

— Si panya. Yule mama aliyeondoka hapa.

Kizimba akavimwaga vijimbegu vya pilipili alivyokuwa amevikusanya kiganjani. Akatazama kule gari lilikokata kona.

— Sijui, akasema.